Kiti cha Kuinama

Majuto si mjukuu. Majuto ni babu: hutangulia, huketi kitini pake, akalingoja kosa lije limwamkie. Nimeyaona kwa macho yangu jijini Tokyo, siku lilipoundwa baraza la mawaziri la mseto wa Chama cha Mhimili na Chama cha Wakazi.

Siku hiyo ilianza kwa simu kuwekwa juu ya meza.

Ni desturi ya huku, ya zamani kuliko umri wa mama yangu. Asubuhi ya kuunda baraza, kila mbunge anayetajwatajwa huketi ofisini kwake amevaa nguo za sherehe, simu mbele yake, wafuasi wamejipanga ukutani, kamera mlangoni, akingoja kuitwa na Katibu Mkuu wa Baraza. Ukiitwa, unapanda gari kwenda Jumba la Serikali na unapewa wizara. Usipoitwa, unavua nguo za sherehe mbele ya watu walewale waliokuja kukupigia makofi. Namjua mzee mmoja wa Mhimili aliyengoja hivyo baraza baada ya baraza, suti ileile, mpaka nondo wakaitoboa begani.

Mimi sikutarajiwa kungoja sana. Ngazi, mashine inayowapima mawaziri, ilikwishanipitisha.

"Mheshimiwa, usiishikeshike," alininong'oneza Endo, katibu wangu, mwanamume mnene anayetoka jasho hata Januari. "Ukipokea kabla haijalia mara mbili, utaonekana una njaa."

"Nina njaa kweli. Sijala tangu jana."

"Njaa hiyo inaruhusiwa. Ile nyingine ndiyo mbaya."

Simu ikalia. Chumba kizima kikasimama. Wazee wa Okinoshita, jimbo langu, wakainua mikono yao tayari kwa makofi. Nikahesabu milio miwili, nikapokea kwa sauti niliyoifanyia mazoezi.

"Hayakawa hapa."

"Tunu, umekula?"

Ilikuwa sauti ya Mama. Endo aliposikia Kiswahili akafumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Shikamoo, Mama. Simu hii leo haitakiwi kupigwa."

"Marahaba. Haitakiwi na nani? Sikiliza. Leo si ndiyo wanamzima?"

"Wanakizima, Mama. Saa sita."

"Nani anakwenda?"

Nilitazama mezani. Kando ya simu palikuwa na tawi bichi la sakaki, mti wa madhabahu za huku, limefungwa kwa karatasi nyeupe. "Endo atapeleka tawi. Ndivyo inavyofanywa."

"Kuna mtu amekaa na roho yako miaka minne," alisema Mama, "anakwenda kuzimwa kama taa ya choo, na wewe unatuma jani. Kwetu Korogwe kukiwa na msiba tunakwenda. Tunakaa. Hatutumi jani."

"Si mtu. Ni kivuli."

"Kinalijua jina langu?"

Wazee ukutani walikuwa wananitazama, hawaelewi neno hata moja, lakini wanajua uso wa mtu anayegombezwa na mama yake.

"Nimekuuliza, Tunu. Kinalijua?"

"Kinalijua."

"Basi huyo ni mtoto wangu. Nenda." Akakata.

Nikachukua simu, nikaitia mfukoni, nikatokea mlango wa nyuma. Hakuna mbunge aliyewahi kuondoka mezani asubuhi ya kuitwa. Endo alibaki katikati ya chumba na tawi mkononi, kama bwana harusi aliyeachwa.

*

Ngazi iko chini ya Jumba la Serikali, ghorofa ya tatu kwenda chini. Jina lilitokana na ngazi ya zulia jekundu iliyo juu yake, ile ambayo mawaziri wapya hujipanga kupigwa picha. Ngazi ya juu ni ya watu. Ya chini ni ya vivuli.

Ilijengwa baada ya serikali nyingi za mseto kuanguka moja nyuma ya nyingine, nyingine kabla wino wa mapatano haujakauka. Waliochoka walikuwa wananchi, lakini waliotafuta dawa walikuwa wanasiasa, kwa hiyo dawa ikafanana nao. Kila anayefikiriwa kwa uwaziri hulazwa siku kadhaa na kofia ya nyaya kichwani. Mashine inasoma kumbukumbu zake, hofu zake, namna anavyokasirika na namna anavyosamehe, halafu inatengeneza kivuli: mtu mzima asiye na mwili. Vivuli kumi na tisa huwekwa pamoja ndani ya Japani ya kubuni, kila kimoja na wizara yake, na hutawala muhula mzima wakati huku nje zinapita siku tatu tu. Mashine huwatupia mitihani: kashfa, tetemeko, vita vya mpakani, bei ya mchele. Wakigombana na kuvunjika, orodha inabadilishwa, wanaanza tena. Baraza likidumu mpaka mwisho wa muhula, orodha hiyo ndiyo inayopigiwa simu.

Vivuli havijui kuwa ni vivuli. Vingejua, vingefanya maigizo.

Mlangoni nilipokewa na Dokta Ibuki, mtunzaji wa Ngazi, mwanamke kijana mwenye kofia ya sufi. Aliponiona alitazama nyuma yangu akimtafuta katibu mwenye tawi.

"Nimekuja mwenyewe," nikamwambia. "Sheria inaniruhusu kuaga."

"Inaruhusu, Mheshimiwa. Ni kwamba..." Aligeuka huku na huku. "Hakuna aliyewahi kuja. Hatuna hata kiti cha mgeni."

"Nitasimama."

"Si kiti tu." Alikuja karibu, akashusha sauti. "Wasiotembelewa hatuwaambii kitu. Wanazimwa wakidhani ni Jumatano ya kawaida, wanakunywa chai. Anayetembelewa ni lazima nimwambie kwanza yeye ni nini. Sheria ndivyo ilivyo. Bado unaweza kurudi juu."

Mama alinituma nimfanyie mtu wema, na wema wenyewe ulikuwa huu: kumwambia mtu anayekunywa chai kwamba hajawahi kunywa chai. Niliweza kurudi. Saa sita ingefika, angezimwa bila uchungu, nami ningemwambia Mama nilikwenda.

Lakini nilitaka kumwona. Sitalipamba jambo hili. Nilitaka kujua nitafanana vipi.

"Mwambie," nikasema.

Ibuki aliingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Alipotoka uso wake ulikuwa umelowa. Akawasha kioo ukutani, akarudi nyuma.

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili, kwenye chumba cha hoteli chenye dirisha lisiloonyesha kitu. Nywele zilikatwa hadi ngozi. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alinitazama, akasema kwa Kiswahili.

"Tuongee lugha ya Mama. Huyo dada hapo nyuma yako ana masikio."

"Sawa."

"Kwa hiyo ni kweli. Nilidhani nimerukwa na akili." Aligusa meza, akakitazama kidole chake. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Ndiye aliyenituma."

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Leo? Umeongea naye leo? Alisema nini? Sema kama alivyosema yeye."

"Alisema kwao Korogwe hawatumi jani."

Alicheka. Kicheko kilianza vizuri kisha kikageuka, na ikabidi nitazame sakafu mpaka amalize. Nikaelewa kabla hajasema.

"Amekufa huko," nikasema.

"Mwaka wa tatu. Kimbunga kilikuja na bahari ikapanda. Unakumbuka malango ya Kitasaki?"

Nayakumbuka, baba yangu alikuwa mmoja wa wahandisi walioyachora. Yakiwa wazi, maji ya mafuriko husambaa mifereji yote, kidogo kidogo, mpaka kwenye treni za chini na katikati ya jiji. Yakifungwa, katikati ya jiji hubaki pakavu na maji yote hurudi Okinoshita, ambako mitaa iko chini ya usawa wa bahari na watu laki mbili hulala chini ya meli zinazopita.

"Amri ya kuyafunga ina sahihi moja tu," alisema. "Ya Waziri wa Maji. Maamuzi mengine yote ya baraza hutiwa alama za brashi na mawaziri wote, mmoja mmoja, hata kubadilisha rangi ya stempu. Hili moja wamelitoa nje. Waliamua watu wanne, ofisini kwa Katibu Mkuu Kuze. Mimi niliitwa nikapewa brashi. Waliniambia watu wamekwisha kuhamishwa. Nikataka kuamini, kwa hiyo nikaamini."

"Na minara?"

Minara kumi na miwili ya kukimbilia mafuriko ndiyo sababu ya Chama cha Wakazi kuingia kwenye mseto. Ilikuwa imeandikwa kwenye mapatano. Mimi niliichagulia viwanja kwa miguu yangu.

"Minne ilisimama. Wa mtaa wa Mama ulikuwa bado msingi." Alijikuna kichwa pale nywele zilipokuwa. "Halafu wakaninyoa kwa toba, wakanipeleka mbele ya kamera, nikainama. Niliinama mpaka magazeti yakaandika urefu wake. Nikajiuzulu. Serikali ikapanda kwenye kura ya maoni, Tunu. Ilipanda! Watu walisema, angalau yule mama ameonyesha utu. Ikadumu mpaka mwisho. Ndiyo maana huko juu mnavaa suti."

"Kimbunga kile mashine ilikibuni," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba. "Huenda kisije kamwe."

"Kimbunga ilikibuni. Mkono haikuubuni. Mkono ni huo hapo ulio nao." Akanitazama sawasawa. "Huyo dada ameniambia Kuze alijaribu orodha nyingi. Kila alipoweka mtu mwingine kiti hicho, mtu huyo alibisha, au alikimbia, au alitaja majina ya wenzake. Mimi peke yangu ndiye niliyeomba radhi vizuri. Tulilelewa na mama wa Kikorogwe na baba wa Kijapani, tungeshindwaje?"

"Nikikataa wizara?"

"Watampa mwingine na kumwombea heri."

"Nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye niliyefanya." Kisha, kwa Kijapani, akamwita Ibuki. "Dada, mnazimaje?"

"Polepole," alisema Ibuki kutoka nyuma. "Kama usingizi."

"Mwongo," aliniambia kwa Kiswahili, "lakini ana adabu. Kaa, basi. Kaa mpaka iishe, kama watu wa msiba."

Nikakaa chini, sakafuni, kwa kuwa kiti hakikuwapo. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni mwangu. Nilijua ni nani. Nchi nzima ilikuwa inangoja simu hiyo, na kwenye meza yangu ofisini palikuwa na kamera zinazotazama pengo.

"Pokea," alisema.

"Hapana."

"Pokea, mjinga wewe, watampa mtu mwingine."

"Wacha ilie."

Ikalia ikanyamaza. Ikalia tena. Tuliongea habari za maharage ya nazi ya Mama, jinsi anavyoyaunguza kila Jumapili na kumlaumu mtengeneza jiko. Alikuwa katikati ya sentensi, akisema "na ukimwambia ukweli anaku...", chumba cha hoteli kikawa kioo cheusi, na ndani yake nikajiona nimekaa sakafuni na nguo za sherehe.

*

"Nimekupigia mara mbili," alisema Kuze.

Katibu Mkuu wa Baraza, Kuze Masaomi, ni mzee mwembamba anayefuta miwani yake kila anapotaka kuficha macho. Alikuwa anaifuta nilipoingia. Ofisi yake ni ndogo kuliko unavyodhani. Mezani kulikuwa na kikombe kimoja, na ukutani mchoro wa nyumba ya mbao iliyokatwa katikati ili viungo vyake vionekane.

"Naomba uniwie radhi, Mheshimiwa. Nilikuwa msibani."

Ulimi wangu uliomba radhi kabla sijaupa ruhusa. Kuze alisikia. Nadhani alifurahi.

"Nimeambiwa. Hakuna aliyewahi kushuka kule." Akavaa miwani. "Mliongea lugha ambayo mashine zangu zimeshindwa kuipata vizuri. Kuna maharage, nadhani."

"Kuna maharage."

"Na malango?"

"Na malango."

Alishusha pumzi. Hakukanusha, na hilo lilinitisha kuliko uongo. Aliinuka akasimama mbele ya ule mchoro.

"Watu wanadhani nagawa vyeo. Nagawa uzito. Fedha kwa kundi la kaskazini, kwa sababu wasipopewa wataniangusha. Ulinzi kwa mtu asiyependwa na mtu, ili asipate wafuasi. Wanawake watano, vijana wawili, chama chenu viti viwili. Kila kiti kinabeba kitu. Na mafundi wetu wa kale, wakijenga nyumba, walijua kiungo kipi kitavunjika kwanza tetemeko likija, ili nguzo zibaki zimesimama. Ni kiungo cha heshima sana, Mheshimiwa Hayakawa. Bila hicho, wote wanalaliwa na paa."

"Kiungo hicho kina mama yake."

"Kila kiungo kina mama yake."

Nilisema nilichokuja kusema. Ningekubali wizara kwa sharti moja: amri ya Kitasaki iwe uamuzi wa baraza. Alama kumi na tisa za brashi, moja baada ya nyingine, mbele ya kamera.

"Tulilijaribu," alisema Kuze. "Baraza halifiki mwaka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna anayetia alama."

"Basi malango hayafungwi."

"Basi jiji linazama. Watu milioni tatu, badala ya laki mbili. Unataka nikuonyeshe? Tuna picha."

"Wahamisheni laki mbili mapema."

"Wapi? Kwenye minara yako. Ambayo serikali hii ndiyo pekee iliyoahidi kuijenga. Ambayo haidumu bila kiti chako." Alizungusha kidole hewani, duara, mara moja, taratibu. "Nimezunguka humo miezi mitano. Ukiona mlango, nioneshe."

Sikuuona. Nasema kweli: hoja zake hazikuwa za mtu mwovu.

"Saa nane tunakwenda kasri la mfalme kuthibitishwa," akaendelea. "Kurudisha Ngazi mwanzo kunataka siku tatu. Kwa hiyo tangu ulipokaa kwenye sakafu ile, sijui tena baraza langu litafanya nini. Miaka minane sijawahi kutojua. Ungetuma tawi tu, Mheshimiwa, leo ningelala usingizi." Kisha, kama anayekumbuka adabu: "Yaliyotokea Ngazi ni siri ya dola. Kifungo chake ni miaka kumi. Nasema kwa kuwa sheria inanitaka niseme. Jibu lako?"

"Nakubali," nikasema.

Wengine wamesema baadaye kwamba tayari nilikuwa na mpango. Sikuwa nao. Nilitaka kutoka chumbani mle nipate hewa.

*

Saa kumi tulipanda ngazi ya zulia jekundu, ile ya juu, tukajipanga kwa picha. Waziri Mkuu katikati mbele, wakubwa pembeni yake, sisi wapya nyuma kama vikombe kabatini. Nyuma ya bega langu, ameiacha nafasi yake ya mbele, alisimama Tsukuda, mwenyekiti wa chama chetu cha Wakazi, ambaye sasa alikuwa Naibu Waziri Mkuu. Huku mbunge mkubwa huitwa mwalimu hata kama hakufundisha mtu kitu, lakini Tsukuda alinifundisha mimi kila nilichojua, kuanzia kupiga hodi kwenye milango ya wapiga kura hadi kula kamba na vichwa vyao bila kukunja uso.

"Tabasamu, Tunu," alisema bila kufungua meno. "Miaka thelathini nimelingoja zulia hili. Usinitie mkosi."

"Mwalimu, ulijua kiti changu ni cha nini?"

Kamera zikawaka. Akaendelea kutabasamu. Nilihisi pumzi yake kisogoni, ina harufu ya tangawizi.

"Nilijua kuhusu kiti," akasema. "Sikujua mambo ya mama yako, naapa."

"Ulikubali tukipewe?"

"Nilikiomba. Kilikuja pamoja na minara. Kuze alisema, mkichukua kimoja, mtachukua na kingine." Mwanga mwingine. "Nilidhani watamweka mtu wa kwao. Halafu Ngazi ikakutaja wewe. Ningefanya nini? Ningeirudisha minara?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, usingeinama." Mpiga picha akatuomba tusogeane. Tsukuda akasogea, kidevu chake kikagusa bega langu. "Minara minne ni minara minne, mwanangu. Kwenye minne wanaingia watu elfu thelathini."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Kwa maana sikuweza kumchukia. Alikuwa amefanya hesabu ileile ambayo mimi ningeifanya mwaka wa tatu, usiku wa kimbunga, brashi mkononi, na kuamini nilichoambiwa.

*

Kila waziri mpya hupita mbele ya waandishi jioni hiyohiyo, mmoja baada ya mwingine, na karatasi aliyoandikiwa na wizara. Mimi nilifuatia Waziri wa Kilimo, aliyeongea habari za mchele mpaka mwandishi mmoja akasinzia. Nilipanda jukwaani.

Nikaiweka karatasi ya wizara chini ya bilauri ya maji, nikawaeleza. Malango ya Kitasaki. Sahihi moja. Ofisi ya watu wanne. Kiti kinachogawiwa mtu anayejua kuomba radhi. Sikusema kwa ufasaha. Nilirudia mambo mawili na kusahau la tatu. Mwandishi aliyekuwa anasinzia alikuwa amesimama.

"Unasema Ngazi ilionyesha Okinoshita ikizama?"

"Nasema ilionyesha sisi tukiizamisha. Na orodha hiyo ndiyo iliyochaguliwa."

"Unajua kuwa unachokisema ni kosa la jinai?"

"Nimeambiwa saa saba mchana."

Kelele. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, Kuze akaingia na nyuma yake Tsukuda, simu mbili masikioni. Wabunge wa Mhimili walikuwa wanatoka kwenye mseto; niliweza kuwaona kwenye kioo kikubwa ukutani, wakishuka ngazi ya zulia mmoja mmoja kabla halijakunjwa. Tsukuda alinyanyua kiganja, akakishusha polepole. Inama. Midomo yake ilikuwa inasema: umechoka, sema umechoka, bado tunaweza kuiokoa.

Na tungeweza. Nataka hilo lijulikane. Kuinama kumoja, sauti ya kukwama, "nilifiwa leo mchana", na nchi hii ingenisamehe kabla ya chakula cha jioni. Minara ingejengwa, angalau minne.

Akasimama mwandishi mwanamke wa makamo, wa gazeti dogo la mitaa ya chini. Nilimfahamu, anakaa barabara ya pili kutoka kwa Mama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira.

"Mheshimiwa Waziri, minara imekufa sasa hivi, kwenye jukwaa hilo. Miaka kumi na mitano tumeipigania. Mtoto wangu ana miguu isiyotembea na tunakaa ghorofa ya chini. Umetuambia tutazamishwa, na umetunyang'anya pa kukimbilia, vyote kwa pumzi moja. Huna cha kuwaambia watu wa Okinoshita?"

"Ninacho. Kesho asubuhi nitakuwa kwenye malango ya Kitasaki, kama sijafungwa. Njooni wote. Wakitaka kutuandikia sheria ya sahihi moja tena, waiandike sisi tumekaa juu ya malango yenyewe."

"Hiyo si radhi."

"Siyo."

Wapiga picha wa huku wana mazoea: wakiona waziri yuko matatani huinamisha kamera mapema, wanailenga hewa pale kichwa kitakapofika. Niliziona zote zikishuka pamoja, safu nzima, kama mimea iliyokosa maji. Zikangoja kwenye usawa wa tumbo langu. Kuze alikuwa anafuta miwani. Tsukuda bado alikuwa amenyoosha kiganja.

Nilihisi shingo yangu ikitaka kwenda. Ilikuwa imezoezwa tangu utotoni, kwa Kijapani na kwa Kiswahili, na ilijua njia. Nikaushika ukingo wa jukwaa kwa mikono miwili.

"Inueni kamera," nikasema. "Kiti hiki kiliwekwa ili mtu aombe radhi mkishazama. Mimi nimekikalia leo. Nimesema nilichosema, nimevunja nilichovunja, na minara nimeiua mimi. Siombi radhi."